Debe la Fuvu na Mgongo wa Mama Mkwe

Nyinyi mliobaki na brashi zangu, hasa yule aliyechukua ile nyembamba ya manyoya bila kuniaga, nawasalimu. Mwezi uliopita, nilipostaafu, mlinipa saa ya mezani na hotuba tatu. Saa inakimbia mbele, hotuba nazo zilikwenda polepole mno. Humo nilisikia habari za vyeo vyangu nikawa najiuliza ni nani huyo anayesifiwa. Vyeo niliviacha ofisini pamoja na kiti, na mshahara hauna hadithi, ulikuwa ukija ukienda zake. Hapa nitaandika jambo ambalo hakuna aliyelitaja: jinsi nilivyojifunza kuchora kitu cha kumfaa mtu, na jinsi mchoro wangu mbaya kuliko yote ulivyokaribia kuwaua wakwe zangu wote pamoja na wageni wao.

Nilifika Kitale nikiwa kijana wa ndevu za kuhesabika, wakati reli ya huko ilikuwa bado mpya na watu walikwenda stesheni kuitazama tu. Nikapata kazi kwa Fundi Bishan, Kalasinga aliyekuwa akipaka rangi magari ya kukokotwa na ng'ombe na kuandika mabango ya maduka. Siku ya kwanza nilikwenda na penseli tatu nilizozichonga vizuri. Fundi akazitazama, akazitia mfukoni mwake, akanipa kamba iliyopakwa chokaa.

"Piga mustari," akasema.

Nilipiga mistari kwenye ukuta wa nyuma kutwa nzima. Jioni akaja na kitambaa kibichi, akaifuta yote. Kesho yake vilevile. Siku ya sita nikamuuliza nitachora lini.

"Mustari kwisha nyooka?"

"Imenyooka, Fundi."

"Moyo yako bado," akasema, akafuta.

Penseli zangu sikuziona tena. Lakini alinifunza jambo moja ambalo nimelitumia kuliko kamba na brashi zote. Alipomaliza bango na kulitundika, hakulitazama hata mara moja. Alivuka barabara, akakaa juu ya pipa, akawa anatazama nyuso za wapita njia. "Bango hapana angalia," alikuwa akiniambia. "Angalia mutu." Mimi nilidhani ni uvivu wa kupanda ngazi mara ya pili.

Bango langu la kwanza peke yangu lilikuwa la mchinjaji wa Bungoma, Mzee Saleh, aliyekuwa na bucha karibu na msikiti. Asili yake hatukuijua. Akiwa na furaha alisema katoka Pangani, akikasirika alisema Tabora. Alitaka ng'ombe juu ya mlango. Nikanakili ng'ombe niliyemwona kwenye kalenda ya Mzungu: mnene, hana nundu, kiwele kinakaribia kugusa ardhi. Kabla rangi haijakauka watu walijaa.

"Huyu ni ng'ombe ya nani?" akauliza mmoja.

"Si ya nani. Ni ng'ombe tu," nikajibu.

"Hakuna ng'ombe tu, bwana. Kila ng'ombe iko na mwenyewe. Na hii iko na maziwa! Saleh, ati siku hizi unachinja ng'ombe ya kukamuliwa? Watoto wakunywe nini?"

Siku hiyo Mzee Saleh alikuwa wa Tabora tangu asubuhi mpaka jioni. Nilikwangua kiwele, nikaongeza nundu na pembe, na doa jeupe shavuni kwa urembo. Baada ya siku mbili mzee mmoja akaja kutoka Bokoli na wanawe wanne, akasema fahali huyo ni wake aliyepotea, hata doa ni lile lile, akataka aonyeshwe ngozi. Ilibidi chifu aitwe. Nilicheka sana, nikasahau. Kama ningetia akilini kwamba watu wetu hawaoni ng'ombe tu kwenye picha, wanaona ng'ombe wa mtu, ningejiepusha na mengi.

Ndipo nikaajiriwa na ofisi ya mifugo. Bwana mkubwa wetu tulimwita Bwana Haraka, kwa sababu kila neno lake la kwanza lilikuwa hilo. Wakati huo mashamba ya Wazungu kuzunguka Kitale yalikuwa yakichimba majosho ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, na dawa yenyewe ilikuja kwenye madebe makubwa ya bati, imara kuliko debe lolote la dukani. Ilikuwa sumu kali. Ng'ombe aliogeshwa nayo, lakini akiinywa ni kwaheri. Bwana Haraka akaniletea picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili imepishana.

"Haraka. Wewe chora hii kwa kila debe. Dunia mzima najua hii. Mutu naona, nakimbia."

Nikakata bati la kigezo, nikaliweka juu ya debe, nikapaka rangi nyeupe. Kigezo kilipinda kidogo, hivyo jicho la kushoto la kila fuvu likatoka kubwa kuliko la kulia. Nilichora mafuvu mpaka nikawa nayaona kwenye sahani ya ugali. Nilijivuna kweli. Nilikuwa nimeoa karibuni, nikamwambia mke wangu Nasimiyu kwamba mkono wangu sasa unaokoa watu.

Miezi michache baadaye nilipita sokoni Bokoli na baiskeli yangu. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amekaa na unga wa wimbi, na unga wenyewe ulikuwa ndani ya debe lenye fuvu. Jicho la kushoto kubwa. Wa pili alikuwa na maharagwe, fuvu. Wa tatu, maziwa.

"Mulembe, mayi," nikamsalimu yule wa kwanza. "Hii debe mbona unaitumia? Huoni hiyo alama?"

"Mulembe. Si ndiyo sababu nimeitafuta! Hii ni dawa ya wezi, mtoto wangu. Ukiweka kitu yako ndani, hakuna mtu anagusa."

"Na hicho kichwa ni cha nani?"

Akanitazama kwa huruma. "Cha mwizi wa kwanza."

Nikaulizia yanakotoka. Wafanyakazi wa mashambani walikuwa wakiyaokota madebe matupu nyuma ya majosho na kuyaleta nyumbani, na wake zao wakayapenda kuliko vyungu. Nilirudi mbio kumweleza Bwana Haraka. Akafikiri kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akaamuru nichore fuvu kubwa zaidi. Nikachora kubwa zaidi. Wezi wa Bokoli hawakuwa na maisha tena, na madebe ya fuvu kubwa yakagombaniwa.

Sasa nifike Matulo, kwa wakwe zangu, maana ndiko maji yaliponifika shingoni.

Ninyi wa leo mnakaa na mama wakwe zenu meza moja mkinywa chai, kwa hivyo nieleze. Kwetu Wabukusu, siku hizo, mume na mama wa mkewe walikuwa na soni. Hawasalimiani, hawasemezani, hawatazamani usoni, na mume haingii jikoni kwa mama huyo hata nyumba ikiungua. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani. Mama mkwe wangu alikuwa mwepesi wa kujificha. Tangu nimwoe binti yake nilikuwa nimemjua kwa mgongo tu: kitambaa cha kichwa kilichofungwa mafundo mawili, bega moja juu kidogo, na mguu aliouburuta tangu jembe lilipomkata. Uso wake, hata ungenilipa, nisingeweza kuueleza.

Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tohara, na kitinda mimba wake alikuwa atahiriwe. Nilifika Jumanne kwa baiskeli, na nyuma nimefunga kipande kikubwa cha bati nilichokipaka weusi, cha kuchorea bango la josho. Nikakaa mahali pangu pa mkwe, nje ya boma, nikiligeuzia jiko mgongo. Nilipogeuka kuchukua maji, nikaona juu ya ua mafundo mawili ya kitambaa yakipita, na juu yake debe. Fuvu likanitazama, jicho la kushoto kubwa.

Nikamwita shemeji yangu Wafula, aliyefanya kazi shamba moja la Kitale.

"Wafula, hilo debe limetoka wapi?"

"Si ni yako, shemeji? Nilileta mimi. Mama alisikia ati ni mkono ya mkwe wake imechora, akasema hapana, hiyo ni lazima akae nayo. Haweki kitu ingine hapo. Ni ya busaa ya tohara. Alhamisi anaanza kuchanganya."

"Ilikuwa na sumu!"

"Si tuliosha."

"Maji ya kuoshea mlimwaga wapi?"

"Hapo nyuma. Kuku mbili wakakunywa."

"Wako wapi?"

"Walikufa. Mama alisema ni kideri. Tulitaka kula, lakini mbwa akatangulia."

"Na mbwa?"

Wafula akafikiri. "Unajua, hata yeye sijamwona."

Busaa ya tohara si pombe ya watu wawili. Wangekuja wa Bokoli, wa Naitiri, wajomba, marika ya mkwe wangu, wote wakae kuzunguka mtungi na mirija yao. Nami, mtu pekee aliyejua, nilikuwa hatua ishirini kutoka kwa mama huyo na sina ruhusa ya kumwambia hata "shikamoo".

Nikamtuma Wafula jikoni. Akarudi.

"Amesema hawezi kutupa kitu ya mkwe wake juu ya maneno ya Wafula. Ati wewe ndiye ulichora, useme wewe."

"Mwambie basi ni mimi nasema."

"Nimemwambia. Amesema, mbona hukusema wakati ulikuwa unachora?"

Nikamwendea baba mkwe, Mzee Khaemba, mtu wa kofia moja ya kijivu yenye tundu mbele. Alinisikiliza vizuri.

"Mkwe, boma ni yangu," akasema. "Lakini busaa ni ya mama yako. Mimi huko siingii. Na nikisema debe ni mbaya, ataniambia namwonea wivu. Hiyo debe anaifuta kila asubuhi. Mimi hajanifuta."

Hilo lilinichoma. Mama huyo hakuwahi kusikia sauti yangu, hakujua nacheka vipi. Alichokuwa nacho kwangu ni lile fuvu moja, akalitunza kama zawadi, na lingemuua.

Jumatano asubuhi nikapiga moyo konde. Kama siwezi kumwambia, nitamchorea. Nikachukua lile bati jeusi na makopo yangu ya rangi, nikaenda kwenye njia ya kisimani, nikasimamisha nguzo mbili. Hapo nikakumbuka ng'ombe wa Saleh. Nikichora mwanamke tu, watauliza ni mke wa nani, na yeye atapita zake akimsikitikia mke wa mtu mwingine. Ilibidi awe yeye. Lakini nikichora uso ukafanana, boma zima litajua kwamba nimemtazama mama mkwe usoni, na hiyo ni fedheha ambayo ingenirudishia mahari. Usipofanana, hatajijua.

Nikamchora mgongo. Mgongo niliujua kuliko mtu yeyote Matulo, tena kwa heshima zote. Mafundo mawili, bega juu, mguu wa kushoto nyuma kidogo, na mkononi debe la fuvu anamwaga maji. Chini yake nikachora kuku wawili miguu juu, mmoja wa shingo tupu kama Wafula alivyonieleza. Kisha mbwa, ulimi nje. Kisha mtungi mkubwa na wazee watano wamelala chali, mirija bado mdomoni, na mmoja kavaa kofia yenye tundu. Sikuandika neno hata moja, kwa sababu yule niliyemchorea hakusoma.

Halafu nikafanya kama Fundi Bishan. Nikavuka njia na kuingia ndani ya mahindi, mtumishi wa serikali na kaptula yake ya kaki, nikachuchumaa kutazama watu.

Wakaja wanawake wawili na mitungi yao.

"Hii si mama Nasimiyu?"

"Ni yeye! Tazama mguu!"

"Na hii si kuku yake ya shingo tupu? Mayi we, na mzee Khaemba amelala wapi hivyo?"

Mmoja akarudi mbio kumwita. Mama mkwe akaja, debe kichwani kwa maji ya busaa. Nikainamisha macho haraka, nikabaki kuona miguu yake tu kati ya mabua. Ile miguu ilisimama mbele ya bango muda mrefu. Nilisikia wenzake wakicheka, kisha nikasikia wakihesabu wale wazee waliolala.

"Mgongo ni yangu," akasema polepole. "Kuku ni yangu. Mbwa ni yetu. Na hiyo kofia nilimwambia atupe."

Kisha miguu ikageukia upande wangu.

"Mwaka huu mahindi imeota viatu," akasema.

Nikavuta miguu yangu nyuma.

"Wewe mahindi," akaendelea kwa sauti kubwa, kwa maana mahindi si mkwe wa mtu, "kama unanisikia, uambie mwenye hiyo viatu kwamba nimeona. Na uambie ningekuwa nimewamaliza wote."

Nami nililia mle ndani ya mahindi, sioni haya kusema, nikiwa nimekalia kopo la rangi nyekundu.

Hakulitupa lile debe. Alituma jembe likaletwa, akalipindua debe juu ya jiwe, akalitoboa kitako mara tatu, akalitundika kwenye nguzo ya bango langu. Wale wawili wakaenda kuleta ya kwao. Mpaka jioni nguzo zangu zilikuwa zimebeba madebe saba. Tohara ikafanyika, busaa ikachachushwa kwenye vyungu vya udongo kama zamani, na hakuna aliyeanguka isipokuwa waliokunywa kupita kiasi. Mtoto hakupepesa macho mbele ya kisu.

Wazee walinishitaki, bila shaka. Walikaa asubuhi nzima wakijadili kama mgongo ni sehemu ya mtu inayotazamwa au isiyotazamwa. Mwisho wakaamua kwamba mgongo ni mali ya njia, kila apitaye huuona, lakini wale kuku wawili nilipe. Nililipa watatu, wa tatu kwa ajili ya mbwa.

Niliporudi Kitale nilimwambia Bwana Haraka kwamba dunia nzima inalijua fuvu isipokuwa sehemu ile tunayoishi. Nikamwomba jambo dogo: mtu wa josho akimaliza debe, alitoboe kitako hapo hapo kabla halijatoka shambani. Mama mkwe ndiye aliyelibuni, si mimi. Bwana akaona jambo hilo ni la haraka kuliko rangi, akakubali. Kwa hivyo vijana, mkisikia nikisifiwa kwa michoro, mjue kwamba kazi iliyookoa watu wengi kuliko zote nilizosimamia ilikuwa tundu.

Bango nalo likanakiliwa, likapelekwa kila penye josho. Bwana alipouliza mbona mwanamke hana uso, nilimwambia hairuhusiwi, naye akadhani mimi ni mtu wa dini sana. Na kila lilipofika watu walibishana. Kimilili wakasema ni mama wa fundi baiskeli. Naitiri wakaapa ni mke wa pili wa katekista, wakamtajia hata kisa cha mguu. Kumbe mgongo ule ulikuwa na mwenyewe kila kijiji. Sikuwa nimepanga hivyo. Nilikuwa nakwepa fedheha tu.

Miaka ikapita, ya vita na ya baada ya vita. Nikahamishwa Bungoma, nikachora vyoo, visima, matuta ya kuzuia mmomonyoko, yote kwa watu wa kutazama kutoka nyuma. Mama mkwe aliendelea kuingia shambani kila tulipokutana, ila kila mara nilisikia mahindi yakiambiwa yanisalimie.

Kisha, binti yetu mkubwa alipoolewa, wazee wakasema wakati umefika wa kuondoleana soni. Nilipeleka blanketi, yeye akapika kuku, tukabadilishana mbele ya watu. Mafundo mawili yakatoka jikoni, yakaja kinyumenyume mpaka mbele yangu, yakageuka. Nilikuwa nimezoea mgongo kiasi kwamba nilishtuka kuona mtu huyo ana uso. Ulikuwa mdogo, wa mikunjo mingi, na ulikuwa unajizuia kucheka.

"Mguu mbaya ni wa kulia," akaniambia. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu, bila mahindi katikati. "Miaka hii yote, Kitale mpaka Naitiri, umenichechemesha na mguu mzima."

Nikamwomba radhi. Akavuta kigoda, akaketi, akanyoosha kitambaa chake, akanitazama moja kwa moja machoni.

"Haya, mkwe," akasema. "Umechora huko nyuma mpaka umemaliza. Sasa chora na huku."

Nikachukua brashi. Na mimi, tangu Fundi Bishan anipe ile kamba ya chokaa, kwa mara ya kwanza nikashindwa kupiga mstari ulionyooka.